Uani Hapakupigwa Picha

Katika arobaini ya Mama Zuhura walinikalisha sebuleni, kwenye kochi. Pilau yangu ililetwa kwenye sahani yenye kifuniko, kijiko juu yake, na soda ikafunguliwa mbele yangu. Pembeni alikaa Neema, naye na sahani yake na kijiko chake. Kutoka uani tulisikia masinia yakigongana, wanawake wakicheka kile kicheko cha msibani kisicho na ubaya, na mmoja akiuliza nani kaficha mwiko. Neema akaninong'oneza, "Saida, hivi sisi tumekuwa maafisa lini?" Nilitaka kucheka lakini nikarudisha kifuniko juu ya sahani. Upo mwaka mmoja ambao katika nyumba hiihii nilikaa chini na wenzangu, nikakuna nazi, nikatumwa chumvi kwa jirani, na hakuna aliyenitafutia kiti. Ndivyo kuondoka kulivyo: unaondoka mwana, unarudi mgeni, na wanaokufanyia hivyo wanakuheshimu, kwa hiyo hata kununa huwezi. Nilimkumbuka marehemu, nikajiambia kwamba yeye angenifukuza kwenye kochi lile kwa maneno mawili.

Siku hizi nafanya kazi Dar es Salaam, katika chumba chenye kiyoyozi kikali, ninakoweka ndani ya filamu na matangazo vitu ambavyo mbele ya kamera havikuwepo. Vijana wa pale huniuliza nilisomea wapi. Nawaambia Kilindoni, kisiwani kwetu, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, na wanadhani natania. Lakini ndiyo kweli. Chumba chetu kilikuwa na kuta za kijani mpaka usawa wa bega na chokaa kuanzia hapo kwenda juu, na chokaa hiyo ilidondokea kwenye kibodi kila upepo ulipotikisa bati. Kompyuta tuliivua ubavu mmoja tukaielekezea feni, sisi tukavumilia joto ili yenyewe ipoe. Ukuta wa mbao ndio uliotutenganisha na mwenye duka, ambaye mji mzima ulimwita Mangi ingawa kwao hata si huko milimani wanakotoka akina Mangi, na kutwa nzima tulimsikia akibishana na madereva wa bodaboda. "Hii plagi ni orijino," alikuwa akisema, "hiyo uliyonayo ni ya kuombewa dua." Mpaka leo nikiwa na kazi ngumu na chumba kikiwa kimya mno, huikosa ile sauti.

Tulikuwa watatu: mimi wa Baleni, Zuhura wa Miburani, na Neema, ambaye mama yake alikuwa muuguzi aliyehamishiwa kisiwani kutoka bara. Tulipiga video za harusi, na kuwa kwetu wasichana ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Wapiga picha wa kiume walibaki nje na bwana harusi. Sisi tuliingia ndani, kwenye kumsinga bibi harusi na kumpaka hina, wanawake wakiwa vichwa wazi wakicheza watakavyo. Video za nje tulimpa yeyote aliyetumwa kuzichukua. Za ndani alikabidhiwa mama wa bibi harusi mkononi, na kwenye kompyuta tukazifuta akiwa anaona. Neema alikuja hajui hata kidogo mambo haya, lakini baada ya miezi michache yeye ndiye alikuwa mkali kuliko sisi. Nasema hivi kwa sababu ndiko lilikotoka kosa letu: tuliijua heshima ya mambo ya ndani mpaka ikatuponza.

Jambo lenyewe lilianza kwa mihogo. Zuhura alikuja na bakuli la mihogo ya nazi kutoka kwao, akaliweka katikati yetu, kisha hakula. Alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Presha ya macho, daktari alisema, na ilikuwa imekaa muda mrefu. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua, kwa dawa polepole, bila dawa haraka. Pembeni mama alikuwa haoni tena kitu, aliona mbele tu, kama anachungulia tundu la ufunguo. "Nimemuuliza njiani anataka nini," Zuhura akasema. "Nilidhani atasema Maka. Ameniambia anataka kuiona nyumba yake ya pwani, mara moja tu, basi."

Nyumba ile bahari iliichukua Zuhura akiwa bado ananyonya. Ililiwa kidogokidogo, baraza kwanza, kisha ukuta, mpaka familia ikahamia juu huku Miburani. Picha yake hakuna mtu aliyewahi kupiga. Mahali ilipokuwa, maji yakitoka, wanawake walisimika vigingi wakafunga kamba za mwani, na Mama Zuhura mwenyewe alikuwa na sehemu yake pale pale. "Mtaa mzima huu," alipenda kusema, "mimi peke yangu ndiye ninayelima sebuleni kwangu." Alikuwa mwanamke wa maneno hayo. Sisi tulipomaliza mihogo tulikuwa tumeshaamua. Neema ndiye aliyelitamka: "Tutaisimamisha. Ataiona kabla macho hayajafunga."

Kuchora nyumba kwenye kompyuta Zuhura alikuwa ameshajifunza. Kazi ilikuwa kuiweka ufukweni ikae. Mama hakutaka picha iliyoganda, alitaka kuijia nyumba yake kwa miguu, kama alivyokuwa akirudi kutoka kisimani, kwa hiyo kamera ilipaswa kutembea. Na kamera ikitembea, nyumba ya kuchora haijui. Itateleza juu ya mchanga kama sabuni juu ya sakafu yenye maji, na jicho la mtu hata liwe bovu vipi litakataa. Ndiyo maana kuna programu za kufuatilia mwendo wa kamera. Programu kama hiyo inachagua vitu vilivyotulia kwenye picha, kona ya jiwe, tundu la ukuta, ndivyo vinavyoitwa vituo, inavifuata picha kwa picha, na kutokana na jinsi vinavyoonekana kusogea machoni pake inajua kamera ilipita wapi. Ukishajua kamera ilipita wapi, nyumba unaiweka pale na haisogei tena.

Neema alikwenda Dar kwa shangazi yake akarudi na programu tatu kwenye flashi, tukazibatiza majina. Ya kwanza tuliiita Bwana Harusi: ya ghali, maarufu, inayotafuta vituo vyake yenyewe bila kuambiwa, nasi tulipewa kuionja kwa mwezi mmoja tu. Ya pili tuliiita Jirani kwa sababu ilikuja ndani ya programu yetu ya kuhariri harusi. Mpole, mwepesi, lakini anaweza kubandika picha ukutani tu na si zaidi. Ya tatu ilikuwa ya bure, nasi tuliiita Mkulima, kwa maana kila kituo unakipanda mwenyewe kwa mkono, unakitunza, kikipotea unarudi kukipanda tena. Neema alitaka Bwana Harusi tangu hajaifungua. "Ndiyo wanayotumia wakubwa," alisema, na alikuwa na ndoto zake za chuo, sikumlaumu. Mimi nilimtaka Mkulima kwa sababu sipendi kitu kinachonifanyia kazi huku kimenipa kisogo. Zuhura alikuwa na swali moja tu: "Ipi itamaliza mapema?" Mangi, ambaye kupitia mbao zile alisikia yote, akapaza sauti: "Mchagua nazi hupata koroma!"

Tukafanya usaili. Tulitoka na kamera tukapiga kipande kifupi sokoni, tukipita mbele ya ukuta wa maduka, la Mangi likiwemo, kisha kipande hicho hicho tukakipitisha kwenye programu zote tatu, tukaweka pipa la kuchora mlangoni kwa Mangi tuone nani ataliacha limetulia. Bwana Harusi alimaliza maji ya chai hayajachemka. Pipa lilikaa pale ungedhani unaweza kulipiga teke. Jirani, pipa lilimponyoka kamera ilipogeuka. Mimi na Mkulima wangu tulikuwa bado tunapanda vituo wakati wenzangu wameshaanza maandazi. Mshindi alijulikana, nami nilikubali kushindwa. Leo vijana ninaowafundisha hawaruhusiwi kujaribu programu kwenye picha rahisi. Nawaambia walete ile inayowatisha, kwa sababu pale sokoni kila kitu kilikuwa ukuta, kona na msumari, na sisi hatukuwa tunakwenda kujenga nyumba sokoni.

Jioni zile tulikuwa kwa Mama Zuhura tukichukua maelezo. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu. Mmekula?" Swali hilo halikungoja jibu, maana pweza wa nazi alikuwa ameshapakuliwa, na chapati zimefunikwa kwa kawa. Zuhura alikaa naye na kompyuta ndogo ya kuazima, mama akiinamisha uso mpaka karibu kugusa kioo, akimsahihisha. Baraza ya kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia kwa sababu fundi alilewa sifa. Mlango ulikuwa na ufa ambao paka alipitisha mkono. Dirisha lilipakwa buluu ya boti iliyobaki. Neema ndiye aliyeuliza, "Na nyuma, mama? Uani kulikuwaje?" Mama akacheka, akampiga kidogo pajani. "Uani si pa kuonyesha watu, mwanangu. Nyie pigeni mbele." Tukatazamana tukaitikia kwa vichwa, tukaelewa. Neema akafuta hata mlango wa nyuma uliokuwa umeanza kuchorwa. Wote watatu tulijiona watu wenye adabu sana.

Siku za bamvua, maji yalipotoka mpaka mbali, tulishuka tukapiga picha yetu. Mimi ndiye niliyeshika kamera, nikitembea kwenye mchanga mbichi kuelekea vigingi vya mwani. Tukarudi chumbani tukampa Bwana Harusi, na hapo ndipo harusi ilipovunjika. Ufukweni kwetu hakuna kilichotulia. Vidimbwi vilimeremeta, minazi ilipunga, kaa walikimbia, mawingu nayo yalikwenda zao, na Bwana Harusi akavifuata vyote kwa bidii, akatuletea mwendo wa kamera iliyoshikwa na mlevi. Tulipomlazimisha ashike vigingi peke yake, mambo yalizidi: vigingi vyote vinafanana, vimepangwa safu kwa safu, naye akishika kimoja, hatua mbili mbele anarukia cha jirani yake akidhani ni kile kile. Nyumba ya Mama Zuhura iliruka kutoka shamba hadi shamba. Tulibadilisha hiki na kile, tukapiga upya, umeme ukakatika, ukarudi, na mwezi wa kuonja ukaisha, programu ikajifunga na kutuandikia maneno ya adabu. Wiki hiyo hiyo Zuhura alimkuta mama yake anapapasa birika lililokuwa mbele yake.

Nilisema lile neno ambalo kila mtu hulisema, kwamba niliwaambia. Neema alibeba mkoba wake akatoka bila kuaga. Zuhura hakunigombeza. Alikaa akitazama kioo cheusi, kisha akasema, "Saida, mimi sichagui programu. Mimi nachagua mama aone au asione. Fungua hiyo ya kwako." Niliona aibu, nikafungua. Kesho yake Neema alikuwa amefika kabla yetu, na maandazi, na macho mekundu, amekuza picha mpaka vigingi vimekuwa vinene kama minazi. "Njooni muone," alisema. Kwenye vigingi kulikuwa na matambara. Sote tuliyajua, yapo siku zote: kila mwanamke huchana kanga yake kuukuu akafunga kwenye vigingi vyake vya kona, asije mwenzake akavuna kwake. Tuliyaona tangu utoto na kwa hiyo hatukuwa tunayaona. Jekundu la Mama Rukia, la manjano la Bi Asha, la zambarau la Mama Zuhura mwenyewe. Programu haikuweza kuvitofautisha vigingi, sisi tuliweza.

Basi tukalima. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya baadaye iliyonipa furaha ile, na nimefanya kazi kubwa, za watu wenye majina. Tulipokezana kiti. Mmoja alisogeza kituo picha kwa picha, mwingine alisimama nyuma akiangalia kisihamie kwa jirani, wa tatu alichemsha chai ya tangawizi. Vigingi tuliviita kwa wenyewe. "Bi Asha kapotea nyuma ya wimbi." "Mngoje, atatokea." "Mama Rukia anateleza, mrudishe." Mangi siku moja alikuja mlangoni na uso wa wasiwasi kuuliza kama kuna watu wamezama, nasi tukacheka mpaka Neema akamwaga chai. Yeye ndiye aliyepanda vituo vingi kuliko sote, yule aliyempenda Bwana Harusi. Na siku tulipoiweka nyumba juu ya vigingi vile, niliendesha picha, kamera yangu ikatembea na nyumba ikabaki pale pale, baraza fupi na baraza ndefu, maji yakimeremeta mbele yake. Kwa mara ya kwanza Zuhura alikuwa anaiona nyumba aliyozaliwa. Alilia, nasi tukamwacha alie.

Tuliibeba kompyuta nzima na kioo chake kwenye bajaji mpaka Miburani. Mama alikuwa amevaa kanga mpya na kujifukiza udi, kana kwamba nyumba nayo ingemwona. Tukamweka karibu, Zuhura akamshika kichwa kwa upole akakielekeza, na mimi nikaanzisha picha. Akaweka mkono mdomoni. Aliijia nyumba yake, akaliona dirisha, akasema, "Buluu ile ile." Kisha picha ilipofika mlangoni, akaegemea upande wa kulia. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akaegemea tena kulia, zaidi, mpaka Zuhura akamshika asianguke. Tulidhani ni yale macho, kwamba tundu limehama, tukasogeza kioo. Akaegemea tena. "Mama, unatafuta nini?" Zuhura akauliza.

"Uani," akasema. "Kwani uani hamkunitengenezea?"

"Mama, ulisema si pa kuonyesha watu."

Akatugeukia, akatutafuta mmoja mmoja kwa kile kitundu chake cha mwanga. "Watu, ndiyo," akasema. "Mimi ni watu?"

Nimelala na swali lile miaka yote hii. Mbele ya nyumba ilikuwa ya mume wake, ya wageni na wapita njia. Maisha yake yeye yalikuwa nyuma, na sisi, mabinti tuliokuwa tukiingia vyumba vya ndani vya kisiwa kizima, tulimjengea nyumba ya kutazamwa na mpita njia. Bamvua iliyofuata tulirudi ufukweni tukapiga upya, safari hii kamera ikifika mlangoni inageuka kulia, inazunguka ukuta. Tulianza kupanda vituo. Lakini macho hayakutungoja. Alipelekwa Dar, akarudi ameshikwa mkono, na nilipokaa karibu yake kumuuliza uani kulikuwa na nini, alinipapasa uso akasema bila uchungu, "Sasa wa kumwonyesha nani, Saida?" Tukaacha. Mwaka ule ukaisha, Neema akapata chuo, nami nikapanda boti.

Siku ya arobaini, watu walipotawanyika, Zuhura alikuja sebuleni na kanga kiunoni, mikono inanuka bizari. Alitutazama kwenye kochi akasema, "Nani aliwaweka hapa?" Akatuinua. Tulikaa uani kwenye mkeka, katikati ya masufuria yaliyolowekwa, tukanywa chai, na Neema akatoa simu. Ile picha ya pili, ya kugeuka kulia, alikuwa ameitunza muda wote, pamoja na nyumba aliyoichora Zuhura. Aliigusa mara moja. Simu ikaitazama, vitone vya kijani vikatapakaa juu ya vigingi vyote, kila kimoja kikang'ang'ania mahali pake, hakuna kilichorukia kwa jirani, na chai yangu haijapoa nyumba ilikuwa imesimama pale, baraza fupi na baraza ndefu. Kazi ya miezi yetu. Neema alicheka huku machozi yanamtoka. Kamera ikafika mlangoni, ikageuka kulia, ikazunguka ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mchanga na maji tu.

"Haya," Neema akasema. "Sasa inaweza. Tatizo ni moja, cha kuweka hapa hatukijui."

"Mimi nakijua," Zuhura akasema. "Alinieleza. Kila nilipomkosha miguu alinieleza kidogo."

Mimi na Neema tukamtazama. Nikataka kuuliza, nikasita. Nilikuwa nimetoka kukaa kwenye kochi, na najua mambo ya uani si ya mgeni. Zuhura akaliona hilo usoni mwangu. Akasogeza sufuria, akatuvuta karibu naye mkekani.

"Nyie nanyi," akasema. "Nyie ni watu?"

Neema akaizima simu akaiweka mkobani, akafunga zipu. Zuhura akakunja miguu, akanyoosha mkono hewani, pale ambapo mlango wa nyuma ungekuwepo.

"Ukitoka tu," akasema, "kulia kwako kuna kinu."